Mrija wa Baba

Kila Scovia anapopika pombe ya wimbi nyumbani kwao Iyolwa, mrija mmoja huzidi. Wanywaji huketi kukizunguka chungu, kila mtu na mrija wake mrefu, na huo mmoja hauguswi na mtu. Ni wa baba yake, aliyechukuliwa na askari enzi za Amin, Scovia akiwa angali mgongoni. Serikali zilizofuata hazikusema alipelekwa wapi. Kaburi hana. Ana mrija tu, na mama huuosha mwenyewe na kuutia chunguni kabla ya yote.

Chungu hicho kimemlea Scovia, kikasomesha na wanawe. Lakini kabla ya chungu palikuwa na baiskeli. Kijana Msamia wa mpakani, mvusha chumvi ya magendo kwa baiskeli, alikutana na mama akikimbia na mtoto. Aliyatupa magunia yake kichakani, akawapakia, akawapitisha njia za panya hadi Busia ya Kenya.

Mwaka huu Scovia alimpata. Siku hizi ni Mzee Ojiambo, magoti yamemkataa. Akamleta Iyolwa kwa bodaboda.

"Leo umebebwa wewe, mzee," alimtania.

"Na leo angalau hulii! Siku ile nusura utuuze kwa kelele zako."

Pombe ilipokuwa tayari, Scovia aliuinua mrija wa baba ampe mgeni. Asante nyingine hakuwa nayo. Phillip, mdogo wa baba yake, akamshika mkono.

"Ukimpa mtu mrija wa kaka, umemzika. Nani alikuambia amekufa?"

Ojiambo akaanza kuinuka. "Mimi hata kikombe kinanitosha, jamani."

"Kaa, baba," mama alisema. Aliuchukua mrija mkononi mwa Scovia. Ulikuwa umeziba kwa kukaa bila kuvutwa. Akauvuta mwenyewe, mara mbili, tatu, mpaka pombe ikapanda. Kisha akampa Ojiambo.

"Kunywa. Angekuwepo, angekupa mwenyewe."

Ojiambo alivua kofia. Phillip akasogeza kigoda chake ili mgeni akifikie chungu vizuri.

Scovia akaongeza maji ya moto chunguni. Macho yalimlowa, naye akayaacha. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alimsikia mtu akinywa mahali pa baba.