Mguu wa Normat Dalali

Siku ya kwanza Zulhumor, mtaalamu wa mazoezi ya viungo kutoka zahanati, alipoingia uani kwa Normat, mzee alimkagua kama akaguavyo ng'ombe wa mtu: miguu kwanza, uso baadaye. Kiharusi kilikuwa kimempiga msimu wa kuchuma pamba, kikamzima upande wa kulia. Akamwuliza atamfanyia nini. Binti akajibu kwamba yeye hafanyi kitu, atakayefanya ni mzee.

"Basi unauza upepo," Normat akasema, ulimi bado mzito.

"Nauza kusimama, mzee. Kama hutaki, nina wateja wengine."

Hapo ndipo alipompenda. Asiyeshusha bei mapema ndiye mtu wa kuzungumza naye.

Normat alikuwa dalali katika soko la mifugo nje ya Andijani. Pale bei haipatikani kwa mdomo mtupu. Dalali husimama kati ya muuzaji na mnunuzi, akaikutanisha mikono yao, akaitikisa na kuivuta mpaka mabega yaume na mmoja wao alegee. Dalali wa kuketi hajazaliwa. Normat alitaka kusimama sokoni kabla ya Nauruzi, sikukuu ya mwaka mpya baridi ikiisha, basi. Zulhumor alisema huenda ikawezekana, kwa sharti moja: asibebwe. Mtu awe karibu asije akaumia, lakini kuinuka ainuke mwenyewe. Wakapeana mikono ya kushoto, maana wa kulia wa mzee ulikuwa umelala. Oyniso, mkewe, akanung'unika kwamba mapatano ya mkono wa kushoto hayana baraka.

Baridi nzima mzee alihangaika: kuinuka kitini bila kushika, kuuelemea mguu mbovu kiganja kikiwa ukutani, kwenda kiubavu, kuivuka kamba iliyolazwa sakafuni. Mguu ulikokoteka kama mbuzi aliyemshtukia mchinjaji. Lakini asubuhi moja aliuachia ukuta akasimama peke yake, akiyumba, na Oyniso akasahau chai mkononi.

Kilichoharibu mambo ni choo. Kiko mwisho wa ua, na theluji ilikuwa imeyeyuka. Normat aliteleza, akawa anatambaa topeni akitafuta pa kushika. Mwanawe Elmurod alisimama kando yake, mikono nyuma, kama alivyoagizwa. Wakati huohuo washenga waliokuja kumposa binti wa Elmurod wakaingia langoni. Walikunywa chai, wakaulizana hali, wakaaga. Mkate wa posa, unaovunjwa watu wakikubaliana, ukabaki mzima mezani.

Elmurod akaja kuketi miguuni pa baba yake.

"Baba, mtaani wanasema nakufuga kama mbwa."

"Na mtoto wanamsemaje?"

"Kwamba binti aliyelelewa nyumba isiyoheshimu mzee, huko aendako atamheshimu nani?"

Normat aliwaza kama awazavyo sokoni. Mwenye haraka ndiye anayelipa, na mwenye haraka hapa alikuwa msichana. Mguu ungeweza kungoja, au usingeweza. Hilo halikumhusu mwingine.

"Nibebe," akasema. "Tena mchana, watu waone."

Elmurod akambeba mgongoni mpaka msikitini, mkahawani, kwenye karamu za watu. Mtaa mzima ukamsifu. Washenga wakarudi, mkate ukavunjwa. Zulhumor alisihi mazoezi yaendelee ndani, mlango ukiwa umefungwa. Wakajaribu, lakini nyumba ya harusi haifungwi mlango. Kila mgeni aliyemwona mzee ameinuka alimrukia na kumkalisha, kwa heshima. Mwishowe mguu ukasahau. Zulhumor akaikunja kamba yake.

"Umeuza kwa hasara, mzee."

"Najua bei niliyopata," Normat akamjibu, asimtazame.

Kabla ya Nauruzi Elmurod alimpeleka sokoni, akamketisha kitini kando ya ng'ombe. Wateja wake wa zamani walikuja kumbusu bega, wakamwombea dua, kisha wakaenda kutafuta dalali. Wawili wakabaki karibu yake wakivutania bei ya fahali mwekundu, mikono yao imetengana. Bei ilikuwa imeiva, Normat aliiona. Akanyoosha mkono wake wa kushoto katikati yao, aikutanishe mikono yao.

Mnunuzi aliupokea kwa mikono miwili, akaubusu, akaurudisha taratibu pajani pa mzee. Kisha akamwita dalali mwingine, na fahali akauzwa pale pale mbele ya kiti.