Milimita Ambayo Sikuichora

Wakulima wa kituo kimoja cha kupimia majani chai upande wa Bomet waliniomba niwachoree banda jipya, maana la zamani lilikuwa linavuja mpaka magunia yanalowa. Mimi ni msanifu majengo. Nilichora kila kitu kwenye kompyuta, hata viungo vya paa: ulimi wa boriti moja unaingia kwenye tundu la nyingine bila msumari. Kisha nikatuma faili kwa karakana moja mjini Kericho yenye mashine inayokata mbao kwa kufuata mchoro wenyewe.

Mbao zilipofika, sikuruhusu zishushwe kabla sijapima. Nilikuwa nimechora tundu la milimita arobaini. Rula ilisoma arobaini na moja. Nikapima la pili, la tatu. Yote yamezidi.

Mwenyekiti wa kituo, mama anayenijua tangu nikiwa shule ya msingi, akaniuliza, "Kuna shida?"

"Kuna mtu ameguza mchoro wangu, mama."

Niliondoka palepale kwenda Kericho. Njiani nilijiuliza amebadilisha wapi kwingine, mahali ambapo rula yangu haijafika.

Mwenye karakana hakukana. "Ni mimi, madam. Nilifungua faili nikayapanua matundu."

"Bila kuniuliza?"

"Nilipiga simu mara mbili, hukushika."

Akatoa vipande viwili chini ya meza. "Hivi nilikata vile ulichora."

Ulimi arobaini, tundu arobaini. Nikasukuma, haukuingia. Nikagonga kwa nyundo, ubao ukapasuka. Kwenye skrini yangu viungo hivyo vilikuwa vimeshikana vizuri kabisa, kwa sababu huko mbao hazikwaruzani wala hazifuri kwa mvua.

Nilipaswa kushukuru. Badala yake nikauliza, "Na ni nini kingine ulibadilisha?"

"Hakuna kingine."

Sikumwamini. Tulikaa mpaka jioni tukilinganisha faili yake na yangu, mstari kwa mstari. Ni matundu tu.

Paa lilisimama wiki hiyo, ndimi zikiingia kwa kugongwa kidogo. Siku hizi ile nafasi ya ziada naichora mwenyewe, na faili ninayotuma huwa nimeifunga isibadilike. Vipande vikija, bado napima. Mwenye karakana amewahi kulalamika kwamba simwamini. Ni kweli, simwamini. Banda likianguka, atakayeitwa kueleza wakulima ni mimi, si yeye wala mashine yake.