Nyumba Iliyonisubiri

Siku tuliyoamua kununua nyumba ng'ambo ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana, nami nilikuwa nimekalia ndoo iliyopinduliwa nyuma ya vyumba tulivyopanga mtaani Mamboleo, maana hapo ndipo simu yangu ilipokuwa ikishika mtandao vizuri. Mume wangu alikuwa huko kwenyewe, katika chumba kitupu, akiizungusha simu yake polepole ili nione kuta. Binti yetu wa miaka mitano alikuwa ameniegemea begani, na kila mlango ulipofunguliwa alisema, "Hiki changu." Vyumba vya kulala vilikuwa viwili tu. Alivichukua vyote.

"Mama watoto, sema basi," mume wangu akaniambia. "Ajenti yuko nje na baridi inamuua."

"Fungua maji ya jikoni kwanza nione."

Akafungua. Yakaja kwa nguvu, yakamrukia shati. Mimi ambaye wiki hiyo nilikuwa nimebeba mitungi ya maji siku nne mfululizo sikuhitaji kuona kingine. "Chukua," nikasema.

Hebu nieleze vizuri. Mume wangu alikuwa amemaliza miaka miwili huko, akifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Mji wenyewe ni mdogo na ulikuwa ukiishi kwa migodi ya makaa ya mawe. Migodi ikafungwa, vijana wakahama, nyumba zikabaki, zimeshikana ukuta kwa ukuta mtaa mzima, bila watu wa kuzijaza. Kwa hiyo nyumba ya matofali, yenye ghorofa na ngazi ndani, iliuzwa kwa bei ambayo kule Milimani, mtaa wa matajiri ninakofundisha Kiswahili, ingekununulia geti na kibanda cha askari, basi. Tuliuza ploti yetu ya Ahero, ambayo kila mvua kubwa mafuriko yalihamia kabla yetu, tukaongeza akiba ya mume wangu, tukanunua. Tulikuwa vijana na tulikuwa na haraka. Tuliamini kabisa kwamba tukishakuwa na nyumba, viza itafuata. Nani atamnyima mtu ruhusa ya kuingia nyumbani kwake?

Mama mkwe wangu anaishi Luanda Kotieno, anaanika na kuuza omena, wale dagaa wa ziwani, ufuoni. Nilipompigia simu kumpa habari, aliuliza kwa Dholuo, lugha yetu, "Na wenye nyumba walienda wapi?"

"Walihama, Mama. Kazi ziliisha."

"Yaani wenyewe wamekimbia, nyinyi ndio mnaingia."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaniita kama anavyoniita tangu niolewe, nyar Kano, yaani binti wa Kano, kwa kuwa ndiko nilikozaliwa. "Sikia, nyar Kano. Mwambie mwanangu asilale katika hiyo nyumba kabla hujafika. Ya kupanga ni ya watu, alale anavyotaka. Hiyo ni yake. Mwanamume haanzi nyumba yake peke yake."

Kwetu jambo hili linajulikana. Usiku wa kwanza katika nyumba mpya ya mtu, mume na mke hulala humo pamoja. Ukipuuza, wazee watakutajia mabaya yote yanayoweza kumfika binadamu, kuanzia maradhi hadi ng'ombe kukataa kuzaa. Mimi ni mwalimu, nimeokoka, na ng'ombe sina. Nilimpelekea mume wangu habari hiyo kama kichekesho, naye alicheka mpaka akakohoa. Akasema Jumatatu anahamia.

Jumatatu ikapita. Alhamisi ndipo aliponieleza, akiangalia pembeni. Alikuwa amekwenda na blanketi na birika baada ya zamu. Akatandika chini, akavua viatu, akakaa. Kisha akavaa viatu.

"Uliogopa nini?" nikamuuliza. "Ng'ombe wako wasizae?"

"Si hivyo. Niliona nikilala nitakuwa nimeianza bila wewe. Si mnakuja mwezi wa nane? Hizo ni wiki ngapi?"

Basi akaendelea kulala katika chumba alichopanga na wenzake wawili wa kazini, na nyumba yetu ikakaa tupu. Nilimwita mshamba. Nilimwambia hata babake asingefanya hivyo. Lakini nilipokata simu nilikuwa na furaha ya ajabu, nikafua nguo za wiki nzima nikiimba. Kulikuwa na nyumba mahali fulani duniani ambayo haingeweza kuanza bila mimi. Sijawahi kuhitajika hivyo na kitu chochote.

Kanisani wakatuaga mapema, wakiogopa safari itawatangulia. Kwaya ilininunulia leso mbili na keki kubwa, mchungaji akatuwekea mikono kichwani, mimi nikalia, binti yangu akala vipande vitatu. Nafasi yangu kwenye sauti ya pili ikapewa mama mwingine, na haki ya Mungu anaimba vizuri kuliko mimi. Mwenye nyumba akaanza kuleta watu waangalie vyumba vyetu. Mama mmoja alipima dirisha la sebuleni kwa ajili ya pazia zake huku mimi nikigeuza samaki jikoni, akaniomba radhi, nikamwambia hakuna shida, kabisa.

Wiki mbili baadaye viza ikakataliwa. Mshahara wa mume wangu, barua ilisema, haukufikia kiwango. Akachukua zamu za ziada, tukaomba tena. Mara ya pili barua ilikuwa fupi zaidi: sheria zimebadilika, wafanyakazi wa aina yake hawaruhusiwi tena kuleta familia. Niliisoma mbele na nyuma nikitafuta mahali walipotaja nyumba. Tulikuwa tumewatumia hati, picha, kila kitu. Hawakuitaja hata kwa neno moja.

Hapo ndipo nilipoujua upweke, na nilikuwa nimedhani naujua tayari. Mtu akishaagwa hana pa kurudi. "Ai, bado uko?" akaniuliza mama wa nyanya pale sokoni Kibuye. "Bado uko?" akaniuliza mwalimu mwenzangu niliyekunywa naye chai asubuhi ileile. Mwanzoni nilieleza. Baadaye nilisema "niko," nikalipia nyanya zangu nikaenda. Watu wa mtaani wakipanga harusi au matanga, hawakunipitia. "Huyu si ni wa kusafiri," nilimsikia mmoja akisema nje ya dirisha langu, bila ubaya wowote. Niliacha ibada ya pili, nikawa nakwenda ya saa moja asubuhi, ambayo waumini wake hawakuwa na habari kwamba nimeagwa. Nilikaa kiti cha nyuma kabisa. Sikuimba.

Binti yangu naye aliacha kuuliza tunaenda lini. Siku moja nilimsikia akimweleza mwenzake anayecheza naye, "Wewe babako anakuja jioni. Wangu ni wa simu." Alisema tu, kama mtu anayetaja rangi ya paka wake. Niliingia ndani nikajifungia bafuni, nikafungua maji, ambayo siku hiyo yalikuwepo, ili asinisikie, nikalia mpaka nikajichukia.

Na nyumba? Ilikuwa tupu bado. Kila nilipozidiwa, niliifikiria. Nilikuwa nimeshaipanga yote kichwani, sufuria zinakaa wapi, kiti kipi kinaangalia dirisha. Ilinisaidia kujua kwamba hakuna mtu aliyeweka hata kijiko humo. Tulikuwa tunangojana, mimi na hiyo nyumba.

Kisha baridi ikaingia huko. Mimi mtu wa ziwani sikujua kwamba maji yanaweza kuganda ndani ya bomba mpaka yalipasue. Nyumba isiyo na mtu haiwashwi moto, na nyumba isiyowashwa moto, kumbe, hufa. Mume wangu alinipigia simu saa zake za chakula cha mchana, akanionyesha jikoni: dari yote ilikuwa sakafuni, imelowa, imekuwa uji mweupe, na mbao za juu zinaonekana. Fundi alikuwa amemwambia waziwazi, kaa humu au uza.

"Mama watoto," akasema. "Niambie."

"Nikuambie nini?"

"Wewe unajua."

Hasira zikanipanda. Mimi hasira zangu haziko mbali. "Kwani mimi ndiye niliyekufungia mlango? Si ulale! Nani amekukataza, mtu mzima na ndevu zako?"

"Usiniambie hivyo kwa hasira," akasema taratibu. "Nitalala vibaya."

Nilijua neno analolitaka ni moja tu, na nilijua kwamba nikilitoa, nitakuwa nimekubali siendi. Si mwezi huu wala mwaka huu. Neno lenyewe lilinikaa kooni siku sita.

Jumamosi iliyofuata nilimchukua binti yangu tukaenda Luanda Kotieno. Mama mkwe alikuwa ameinama juu ya nyavu zilizotandazwa mchangani, anageuza omena kwa mikono yote miwili. Hakuacha kazi. Nami niliinama upande wa pili, nikageuza pamoja naye, nikamweleza: baridi, bomba, dari, barua ya pili. Nasema ukweli, nilitaka akatae. Nilitaka apige kelele kwamba mwanawe hawezi, ni mwiko, nyumba isubiri hata miaka kumi. Ndiyo sababu nilikwenda kwake na sikwenda kwa mchungaji.

Tukamaliza wavu mzima. Kisha akasema, "Una nguo ya kulalia?"

"Ninayo, Mama."

"Mtumie. Isifuliwe. Aitandike upande wako, alale."

"Hiyo inakubalika?"

"Nimesema alale." Akajifuta magamba mikononi. "Sehemu yake ya kujenga pale nyumbani nimeshapanda mihogo, nyar Kano. Mimi pia nilingoja."

Sijui kama hiyo ni mila ya zamani au aliitunga palepale kwa kutuhurumia. Sikumuuliza. Nilimwangalia uso, nikaona amezeeka kuliko nilivyokuwa nikifikiri kwenye simu, na kwamba maneno hayo ya mwisho hakuwa akiniambia mimi. Alitufungia omena kwenye gazeti, akambeba binti yangu mgongoni hadi kwenye stendi ingawa alikuwa mkubwa wa kutembea mwenyewe.

Nilituma dera langu la kahawia, lililochakaa shingoni, ambalo nilikuwa nimelilalia wiki nzima. Karani wa vifurushi akaniuliza thamani yake. Nikasema halina. Akasema lazima fomu ijazwe, kwa hiyo nikaandika "nguo kuukuu," naye akaigonga muhuri. Kisha nikampigia mume wangu, nikamwambia bila hasira, "Lala, Baba. Mama amekubali na mimi nimekubali." Alishukuru mara nyingi mno. Ilinichoma jinsi alivyoshukuru.

Alitengeneza bomba, akabandika dari mpya kwa mikono yake, na kifurushi kilipofika akahamia. Alinipigia siku ya pili yake, saa nne asubuhi ya kwetu. Alikuwa bado kitandani. Jua la kwao lilikuwa limeingia dirishani, jembamba, na chini ya dirisha kulikuwa na kile chuma cha kutoa joto, ambacho nilikuwa nikikitania kwamba ni rejeta ya lori. Dera langu lilikuwa limenyooshwa vizuri upande wa ukutani.

"Umelala?" nikamuuliza.

"Nimelala. Wallahi, tangu nije huku sijalala hivi."

Akaanza kuongea, na hakunyamaza. Atanunua meza. Ataipaka sebule rangi, hii ya sasa inamkera. Ajuza wa nyumba ya pili alikuwa amegonga mlango jana yake jioni akamletea mkate aliouoka mwenyewe, akamuuliza kama anaishi peke yake. "Nikamwambia kwa sasa, ndiyo." Sauti yake ilikuwa ile niliyoolewa nayo, ya kabla ya zamu na kukohoa, na nilikuwa nimeisahau. Binti yangu akanyakua simu akataka kuona chumba chake.

"Nimeweka mizigo yangu humo kwa muda, mama," babake akamwambia. "Viatu na baiskeli. Nitatoa."

"Hata ukiacha, sawa," binti akasema.

Nilimwambia mume wangu nimefurahi, na kweli nilifurahi. Alikuwa ameteseka vya kutosha. Lakini simu ilipokatika nilihisi kitu kimeondoka kwangu kabisa. Miezi tisa nyumba ile ilikuwa imekataa kuwa nyumba mpaka nifike. Sasa ilikuwa na moto, ina mtu, ina jirani na mkate, na mimi sikuwa na kazi yoyote ndani yake.

"Baba amehama?" binti yangu akaniuliza.

"Ndiyo. Sasa anaishi kwake."

Nilisikia nilichosema, lakini yeye hakushtuka. Alikuwa akitafuta kiatu chake cha pili chini ya kiti, maana nilikuwa nimemwahidi tutaenda sokoni.