Kasuku wa Marehemu Alipoletewa Mwenzake

Siku ile tulikuwa wanne barazani. Mimi, wifi yangu, yaani dada wa marehemu mume wangu, kaka yangu mkubwa, mfuga nyuki, aliyekuja kutoka Ipole, na binti yangu kitinda mimba, aliyeshuka garimoshi kutoka Urambo na tundu limefunikwa kanga. Majina yao ninayo yote, ya ubatizo na ya kilugha, ila nimeombwa nisiyaandike. Wa tano, kama mnamhesabu, alikuwa kasuku wa marehemu, ndani ya tundu lake lililoning'inia ukutani.

Kasuku huyo ni wa kijivu, mkia mwekundu. Mume wangu alimlea tangu kinda. Nyumba yetu iko kando ya barabara ya vumbi iendayo Kwihara, ile waliyopita watu wa misafara ya zamani, na mume wangu hakuwahi kumwacha mtu apite bila kumwita. Alikuwa na kifua, basi kukohoa na kukaribisha vilikwenda pamoja: "Karibu upumzike, jua kali." Kasuku akavishika vyote viwili, kikohozi na maneno.

Mume wangu alipofariki, ndege akawa anaita kutwa. Anakohoa, anakaribisha, ananyamaza, anasikiliza. Hajibiwi. Ndipo akaanza kujinyonyoa, mpaka kifua kikabaki ngozi tupu kama kuku aliyetoka kwenye maji ya moto. Karanga hagusi. Niliona wazi tutamzika na yeye.

Binti yangu akaniambia kwenye simu, "Mama, huyo ni upweke. Nimepata jike, wenyewe wanahama. Ila ujue, akipata wa kuongea naye, anaweza kuiacha sauti ya baba."

Nilikaa na neno hilo. Kila asubuhi nilikuwa nachukua kikombe changu cha chai nakaa chini ya tundu, nimsikie mzee akikohoa. Wifi naye alikuwa anakuja kutoka ng'ambo ya reli, eti kuazima chungio, na chungio haondoki nalo. Lakini nilikitazama kile kifua cha ndege. Nikamwambia binti, "Mlete."

Basi siku hiyo binti alitaka jike akae kwanza kwenye tundu lake, pembeni. Wifi akaruka.

"Mgeni aachwe mlangoni? Kwa kaka yangu? Mwingizeni ndani!"

Tukakubali wote, maana kwetu mgeni hawekwi nje, awe mtu awe ndege.

"Wifi," akanitania, "leo umeletewa mke mwenza."

"Afadhali yeye. Hatakuja kuazima chungio."

Tukacheka, tukafungua tundu la dume, tukamwingiza. Jike akaparamia kijiti cha juu, dume akateremka chini, na kabla hatujakaa sawa wakawa wameshikana. Damu. Dume ameumwa kidole. Kaka yangu akaingiza mkono, mkono uliozoea kuumwa na nyuki, akamtoa mgeni.

"Nyie watu wa mjini!" akasema. "Hata nyuki humimini makundi mawili mzinga mmoja siku moja. Watauana. Kwanza wazoeane harufu."

Tukaweka matundu huku na huku, kila moja mwisho wake wa baraza, tukawa tunayasogeza kidogo kidogo. Mvua zikaja. Wakati wa kupalilia mahindi matundu yalikuwa yanagusana. Asubuhi moja nikamkuta dume ameinamisha kichwa kwenye waya, na jike anamkuna shingo kwa mdomo, taratibu, palepale mume wangu alipokuwa akimkuna. Nikaondoka nikaingia jikoni.

Manyoya yakaota. Karanga akala. Tukawaweka tundu moja, wakakaa bega kwa bega wakizungumza lugha yao, miluzi na kelele tu. Maneno ya watu yakapungua. Mara ya mwisho dume alipoyatamka, muuza mkaa alikuwa anapita na baiskeli. Akasimama, akavua kofia. "Asante, mzee," akaitikia ukuta, "nawahi sokoni." Akaenda zake. Baada ya hapo ndege hakukaribisha mtu tena.

Wifi alikuja, akakaa mpaka jua likapanda.

"Kapona, wifi," akasema.

"Kapona."

"Mungu ashukuriwe."

"Ashukuriwe."

Akajifuta machozi kwa pindo la kanga. Mimi yangu nikayaacha yatiririke.

Sasa tunabishana. Nakumbuka mume wangu alikuwa akikohoa kwanza ndipo anakaribisha. Wifi anasema hapana, alikaribisha kwanza, halafu akakohoa, na mwisho akacheka kidogo. Kicheko hicho mimi sikikumbuki, na naogopa kilikuwepo. Zamani tungemngoja kasuku atuamue. Wewe unayesoma, kama uliwahi kupita pale ukaitwa upumzike, na unaona nimekosea, njoo unisahihishe, hata kama mwenye haki ni wifi.