Bibi Pindo na Daraja la Mjukuu

Bibi Pindo, fundi cherehani, hakuwa mtu wa kuomba radhi. Wateja walimpachika jina hilo kwa sababu pindo likienda upande hata kidogo alilifumua lote, mwenye nguo apende asipende. Chumba chake cha kushonea kilikuwa na soketi moja tu, na tangu mjukuu wake, binti wa shule, apewe kompyuta kuukuu, betri yake imekufa, soketi ile iligeuka uwanja wa vita.

"Gemu asubuhi, gemu jioni!"

"Humu ndimo tunamojifunzia, Bibi. Njoo uone."

Ndani ya kioo mlikuwa na mji mzima. Wanafunzi wanne, binti akiwemo, kila mmoja yuko kwao, walitembea humo kama vikaragosi, wakijenga daraja la kufunguka lenyewe meli ikija. Kila hatua sharti iandikiwe amri yake; ukiruka moja, daraja linakwama. Mwalimu angelikagua Jumamosi saa sita mchana.

"Hilo nalo geni?" Bibi alibeua mdomo. "Hata shati lina mpangilio."

Jumamosi saa tano, sare kumi na mbili zilikuwa zinasubiri pasi. Binti alikuwa anaandika amri za mwisho Bibi alipomtuma uzi dukani.

"Usiguse kitu, Bibi. Bado sijahifadhi."

Bibi akaitazama pasi, akaitazama soketi. Mimi nipangiwe zamu nyumbani kwangu? Akachomoa.

Binti aliporudi, alikuta kioo cheusi. "Jamani! Umeme ulikatika?"

"Ulikatika," neno lilimponyoka Bibi. "Ukarudi sasa hivi."

Binti akawasha upya, akakuta nusu ya daraja imepotea. Saa sita ikagonga, sauti za mwalimu na wenzake zikajaa chumbani kutoka kwenye kompyuta.

"Umeme gani?" alifoka mwenzake mmoja. "Tunakaa mtaa mmoja, na feni yangu haijasimama tangu asubuhi! Sema ulilala."

"Kazi ya kundi ni kuaminiana," mwalimu alisema. "Kama unatudanganya, utatoka kwenye kundi."

"Sidanganyi! Bibi yangu ndiye aliyeniambia, na bibi yangu hasemi uongo!"

Bibi aliendelea kupiga pasi. Mara moja, mara ya pili, mahali pale pale, mpaka kola ikatoa moshi. Miaka yote hii alijisifu kwamba hafichi kosa ndani ya mshono. Akaiweka pasi chini.

"Nipishe." Akainamia kompyuta, akapaza sauti kama anayemwita mtu wa ng'ambo ya barabara. "Mwalimu! Mimi bibi yake!"

"Taratibu, Bibi, masikio yetu!" mmoja alicheka.

"Umeme haukukatika. Nilichomoa mimi, nikijua ninalolifanya. Kisha nikamdanganya mtoto."

Kicheko kikakatika. Mwalimu akashusha pumzi. "Basi kundi lina hadi Jumatatu. Na binti abaki."

Binti akazima sauti. Macho yalikuwa mekundu.

"Kuchomoa ningekusamehe hapo hapo. Lakini umenisikia nikikutetea, Bibi, na bado ukaendelea kupiga pasi."

Neno lenyewe halikuwa limezoea mdomo wa Bibi, likatoka vipande vipande.

"Nisamehe, mjukuu wangu."

"Bado, Bibi."

Binti akageukia kioo, akaanza kuandika upya.