Soda za Shangazi Somoe na Mwanga Wangu wa Kupoza

Hata leo nikiona kreti ya soda masikio yananiwaka moto, na wa kulaumiwa ni mimi, kwa kuitikia kwa kichwa mara moja tu.

Ilikuwa asubuhi ya harusi ya dada Zainabu, kwetu Marambo, nami ndiyo kwanza nimemaliza chuo, fizikia (kazi bado, msiniulize). Shangazi Somoe, aliyenilea, ndiye aliyepewa jukumu la vinywaji, na alitaka wakwe wa Ruangwa wasipate la kusema. Akaniuliza mbele ya akina mama waliokuwa wakipepeta mchele, "Hivi mwanangu, huko ulisomea nini hasa?" Nikasema kuna mwanga wa leza unaopoza kioo: unaingia, kisha unatoka na joto la kioo chenyewe. Sikusema kwamba kioo hicho ni uzi mwembamba kama unywele, uliochanganywa madini maalumu, wala kwamba nimeusoma tu, sijawahi hata kuuona.

"Na chupa ya soda si kioo?"

Nikawaza nijibuje nisimvunje moyo, maana alinitazama kwa furaha mno, nikaitikia. Papo hapo akampigia muuza barafu wa Nachingwea mjini: "Usilete. Mwanangu atapoza kwa mwanga."

Nilidhani anatania. Kisha nikadhani atasahau. Kisha nikatunga maneno ya kumweleza, nikayafuta kichwani, nikatunga mengine, na nilipopata yaliyo mazuri wakwe walikuwa wameshateremka garini, jua la utosi, na Shangazi anatangaza, "Kaeni, leo mtakunywa baridi ya kitaalamu! Haya mwanangu, washa."

Jamani, niliwasha tochi ya simu. (Mpaka leo sijui kwa nini.) Nikamulika kreti, jasho linanitiririka, hadi mjomba wa bwana harusi akafungua chupa, akaonja, akauliza, "Wakwe, hii soda mmeipika?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Shangazi hakucheka. Alisimama kati yangu na wao akasema, "Kosa langu. Nimemletea chupa za hivi hivi, mwanga wake unataka kioo chake."

Alidhani anabuni uongo wa kunisitiri, kumbe ndio ukweli wenyewe niliomnyima asubuhi. Na bado nikanyamaza.

Siku hizi nikiulizwa nilichosomea, naanza na kile kisichowezekana. Shangazi nilikuja kumweleza baadaye, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema tu, "Simu ilikuwa mkononi mwangu, mwanangu. Ungesema, ningempigia tena wa barafu." Akanifungulia soda. Ilikuwa ya moto, nikainywa yote.