Herufi Inayoitwa Shangazi

Kwa heshima na taadhima, wasomaji mnatangaziwa kwamba mwandishi wenu wa gazeti la shule, mwanafunzi wa bweni mwenye sifa njema, amewasili eneo la tukio saa moja kamili asubuhi, daftari mkononi, kushuhudia historia ikiandikwa.

Historia yenyewe iko juu ya ngazi, imevaa aproni yenye madoa, na imemwambia mwandishi aweke daftari chini, ashike ngazi na anyamaze.

Ni Mama Rangi, mchora mabango. Anachora MAKTABA YA SHULE kwenye ukuta wa jengo letu jipya, kila herufi ndefu kama mtoto wa darasa la tatu. Nguzo za herufi hizo ni nene kama gogo. Viungo vyake ni vyembamba kama uzi. Unene na wembamba vinakaa bega kwa bega bila hata kusalimiana.

Herufi hizo amezibuni mwenyewe na kuzipa jina: Shangazi.

"Shangazi yangu alikuwa mpana hata kuujaza mlango, miguu kama njiti," anaeleza bila kugeuka. "Akiingia chumbani hasemi neno, lakini kila mtu anakaa vizuri. Nikasema, nataka herufi ya namna hiyo."

Kuipata hakukuwa lelemama. Bango la kwanza la Shangazi lilikuwa la duka la dawa. Kwa karibu lilipendeza. Kutoka ng'ambo ya barabara, nyuzi zote zilimezwa na mwanga wa jua, zikabaki nguzo tupu.

"Mwenye duka akaniuliza, 'Mama, nilikuagiza jina au uzio?' Nikalifuta lote mbele ya wateja wake."

Tangu hapo kila herufi huikata kwanza kwenye kadibodi, akaiegemeza ukutani, akarudi nyuma hatua hamsini na kufumba jicho moja. Uzi ukipotea, anaunenepesha kwa upana wa unywele. Herufi ishirini na nne zilimchukua miezi tisa.

"Hata binti yangu nilimbeba miezi tisa," anasema, "lakini yeye sikumrudia mara kumi."

Kisha ng'ambo ya banda lake likafunguliwa duka lenye mashine ya kuchapa mabango. Aliyekuwa akichora mabango manne kwa wiki akawa anachora moja kwa mwezi. Akamwambia binti yake wazi: kazi ya maktaba isipopatikana, banda linafungwa, na brashi zitagawiwa kwa wapaka milango.

Mwalimu Mkuu wetu alitaka mashine. Mama Rangi akamwachia ofisini bahasha ya herufi zake za kadibodi.

"Zitazame wiki moja tu, Mwalimu."

Mwalimu Mkuu akaziweka juu ya kabati, akaendelea kutazama mafaili.

Siku ya nne, ubao wa matangazo ukaota maneno manne makubwa meusi, kwa herufi za Shangazi: MTIHANI WA HISABATI UMEAHIRISHWA.

Hapakuwa na sahihi wala muhuri, na hakuna aliyeviulizia. Wanafunzi mia tatu na kumi na wawili walikwenda uwanjani. Mwalimu wa Hisabati alisoma, akaguna, akazirudisha karatasi za maswali kabatini. Saa tano, karani alipouliza ni nani aliyeahirisha, Mwalimu Mkuu alifikiri sana, kisha akajibu, "Nadhani ni mimi."

Ukweli ulijulikana jioni: hakuna mwalimu aliyeahirisha, mtu alizifuatisha tu zile kadibodi za juu ya kabati. Mtihani ulifanyika kesho yake, mkosaji hakupatikana, na Mwalimu Mkuu alikwenda kwa miguu hadi bandani kwa Mama Rangi, tangazo lenyewe mkononi.

"Mama," alimwambia, "herufi zako zimenipa amri nikiwa ofisini kwangu mwenyewe. Mashine haijawahi kunifanyia hivyo. Njoo uchore."

"Nilimwomba arudie," Mama Rangi anacheka. "Nikamwambia jirani azime redio, na yeye asikie."

Sasa ana oda saba mkononi, mojawapo ya kituo cha zimamoto. Binti yake, anayesomea kompyuta, anaziingiza herufi hizo humo ili mtu yeyote aweze kuandika kwa Shangazi, amefika R. Mwenye lile duka la mashine ameshaziulizia.

"Nimemwambia apange foleni," anasema Mama Rangi. "Nataka siku moja nipite mji nisioujua, nimkute Shangazi ukutani amewakalisha watu vizuri."

Ngazi imefika kwenye neno SHULE. Anaomba S ya kadibodi. Mwandishi anampa upesi, kama mtu aliyezoea kazi.

Mama Rangi anaitazama S. Kisha anamtazama mwandishi.

"Tumbo la chini la S huwa kubwa kidogo, ili isimame," anasema taratibu. "Wewe umenipa imesimama kwa kichwa. Miaka kumi na tisa ya kazi, S za kichwa chini nimeziona mara moja tu. Kwenye lile tangazo."

Ngazi inatikisika, na anayeishika ni mwandishi.

"Mama, mimi nilikuwa nakutangazia biashara."

"Siku ya mtihani wa Hisabati?"

"Biashara haichagui siku, Mama."

"Sawa, mwanangu. Nakushukuru, na sikusamehe. Utamwambia Mwalimu Mkuu mwenyewe, au nikuandikie hapa ukutani?"

Mwandishi, ambaye ameona jinsi herufi hizo zinavyoaminiwa, amechagua gazeti, kwa maandishi madogo ya kawaida: ni mimi.